Mkono Wako Ubaoni

Karakana ya Mabango,
Meza ya mbele, karibu na dirisha.
Alhamisi, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote, nyingi kuliko unavyostahili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Wifi na watoto, na kwamba kile kifua chako kimepona kweli, si kupona kwa simu tu. Nasema hivyo kwa sababu nilipokuuliza hali yako ulijibu haraka mno, hata sijamaliza swali. Mwambie Wifi aniandikie yeye. Wifi hajui kudanganya bila kucheka, na kicheko chake nitakisikia hata kwenye karatasi.

Sisi huku hatujambo, mtu asipochunguza sana. Goti la Mama linauma asubuhi na kupoa mchana, au ndivyo anavyotuambia. Nimeona linazidi siku zenye vyombo vingi vya kuosha, lakini hilo libaki moyoni mwako. Shemeji yako mzima, bado anatengeneza saa za watu na bado anachelewa kurudi nyumbani. Nikimuuliza alikuwa wapi, kila siku anajibu alikuwa kazini, na nikienda kuhakikisha namkuta kazini kweli. Anakusalimu sana.

Shangazi alipita wiki iliyopita. Akakaa, akanywa chai, akautazama ukuta wa mbele, akasema "Mambo hubadilika," kisha akaaga. Unamjua Shangazi, hapotezi nauli bure. Nilimsindikiza mpaka kona nikimpeleleza njia nzima, nikaambulia habari za mgongo wake.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu ya nyumba hii ina masikio, na kwa sababu kwenye simu huwa unanikata kwa kile kicheko chako cha kufunga mjadala. Karatasi haikatwi kauli. Soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kucheka, cheka.

Baba ameshusha ubao wetu.

Ule wa juu ya mlango, Kaka. Ule ulioandikwa MAFUNDI WA MABANGO, na chini ya maneno mikono miwili ya bluu, mkubwa wa Baba na mdogo wako. Hadithi ya siku alipokushika kifundo, akaubana mkono wako kwenye ubao na kuuzungushia chaki, nimeisikia mpaka naona kama nilikuwepo. Na kweli nilikuwepo, mgongoni kwa Mama, nikilia kwa sababu, anavyosema yeye, nilitaka ile chaki. Basi nilitoka kununua tapentaini, niliporudi nikakuta ukuta mtupu, misumari na utando wa buibui. Ubao ulikuwa umeingizwa stoo, na stoo imefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shati la Baba, pale anapoweka miwani.

Nikamuuliza kulikoni. "Umeliwa na jua," akasema, akaendelea kukoroga rangi ambayo ilikuwa imeshakorogeka. Jua gani, Kaka? Ubao ule ulikuwa chini ya kibaraza tangu siku ulipotundikwa. Nikaweka tapentaini mezani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wangu nilikuwa bado nautafutia pa kuangukia.

Acha nikueleze kwa nini nilishtuka, maana umekaa mbali muda mrefu na huenda umesahau mambo ya hapa yanaendaje. Tangu uondoke, kazi hii ni yangu. Mabango ya mtaa mzima, kuanzia duka la dawa mpaka kwa fundi viatu, ni mkono wangu. Baba alianza kwa kusema macho yanamsumbua. Akaweka brashi chini, akawa anakaa kwenye kiti chake kunikosoa: punguza tumbo la hiyo B, hiyo S imelewa. Lakini mteja akiingia, pamoja na mimi kusimama mbele yake na rangi mpaka puani, bado anauliza, "Fundi yupo?" Wengine huniuliza wewe utarudi lini uje kushika kazi. Kushika! Kana kwamba mimi nimesimama hapa kama mtu anayemshikia mwenzake mlango ili apite. Huwa nacheka nao, kisha nikienda kuosha brashi naziosha kwa hasira mpaka zinanyonyoka.

Kwa hiyo ubao uliposhuka niliwaza kitu kimoja tu. Karakana inakwenda kwa mtu, na mtu huyo si mimi. Nilihisi kama nimeambiwa nifungashe vitu vyangu nyumbani kwangu mwenyewe.

Nikaanza kuwatafuta wahusika. Wa kwanza alikuwa Bwana Mashine, jirani yetu wa upande wa pili wa barabara. Wewe humjui, alikuja ulipokwishaondoka. Ana mashine ya kuchapa mabango ya plastiki. Unaingiza picha huku, bango linatoka kule kama ulimi. Baba humwita "yule anayechapa," kwa sauti ya mtu anayesema "yule anayeiba kuku," na miaka yote hii hawajasalimiana. Sasa, ubao haujamaliza hata siku mbili stoo, namkuta Bwana Mashine mbele ya mlango wetu na futi kamba, anapima ukuta. Aliponiona aliiachia ile futi ikajikunja na kumchapa kidole. "Napima tu, Dada," akasema. Jioni akaleta machungwa. Mfuko mzima, Kaka. Mama akayapokea bila kushangaa hata kidogo, na hapo nikajua Mama naye yumo.

Wa pili ulikuwa wewe. Usijifanye umeshangaa. Kila Jumapili unampigia Baba, na kila Jumapili nikiingia na chai anashusha sauti, anasema "Haya, haya, hilo tutaliona," halafu ananigeukia na kuniuliza bei ya rangi nyeupe, bei ambayo anaijua kuliko mimi. Kisha ukaniandikia ujumbe kwamba nimvumilie Baba, mambo yatakuwa mazuri. Mambo gani? Mazuri kwa nani? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, hata kama nguo yenyewe iko ng'ambo. Nilikuona waziwazi: ama umemshauri auze, ama umemwambia unarudi kuchukua nafasi yako. Sikujua lipi kati ya hayo lingeniuma zaidi.

Shemeji yako akaniambia niache kufukua, nitakuja kufukua kisichonifaa. Alisema bila kuinua uso kutoka kwenye saa ya mtu, nikamshuku naye siku nzima.

Kilichonichanganya ni chaki. Wasomee watoto hapa, maana hawajui babu yao anavyofanya kazi. Babu yenu hapaki rangi bango lolote kabla halijaishi kwa chaki. Anaandika kwa chaki, anatundika, na mwenye duka anakaa chini ya maneno yake siku kadhaa, watu wapite wasome, wacheke, washauri. Akibadili mawazo, kitambaa kibichi kinapita, tunaandika upya. Rangi huja akishatulia. Mwaka huu kinyozi wa kona alitaka KINYOZI WA WAFALME. Watu wakapita wakimuuliza ni mfalme yupi aliyekikalia kile kiti chake kilichopasuka. Akarudi, "Fundi, naomba tupunguze wafalme." Tukamwandikia KINYOZI WA MABWANA. Mkewe akapita, akataka kujua mabwana gani hao. Sasa lina rangi, limeandikwa KINYOZI peke yake, na foleni yake inafika barabarani.

Baba anaipenda sana habari hiyo. Kila akiisimulia anamalizia kwa kusema mtu aliye hai huandikwa kwa chaki, na yeyote anayedhani ameshapakwa rangi aende akajitazame vizuri kwenye kioo. Mimi nilikuwa nadhani ni mzaha wa kuwafurahisha wateja.

Basi kila asubuhi nilikuta vumbi la chaki chini ya mlango wa stoo, na kitambaa kibichi kimeanikwa uani, kimekuwa cheupe. Yaani kuna mtu anaandika na kufuta, anaandika na kufuta, siku baada ya siku. Nikajiuliza huyo mnunuzi ana jina gani gumu hivyo.

Halafu Baba akaanza kunitazama mikono. Nikikata karoti, anatazama. Nikichanganya rangi, anatazama. Siku moja akanipa glavu nijaribu, akasema anamtafutia Mama saizi, kisha akazichukua, akazigeuza-geuza, akaondoka nazo. Siku hizohizo brashi zetu mbili nyembamba, zile za kumalizia kingo, zilikuwa zimetoweka kwenye kopo. Nikajumlisha. Baba yangu mzazi anadhani nimeiba brashi, ananikagua mikono kama mlinzi wa getini. Nililia nyuma ya makopo ya rangi, sikufichi. Na siku nyingine nilisinzia mezani, nikafumbua jicho moja, namkuta ameniinamia na simu yake anapiga picha mkono wangu. Nikalifumba tena. Ungekuwa wewe ungemuuliza nini?

Nikamwendea Mama jikoni. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama, Baba anauza karakana?"

Akachambua.

"Mama!"

"Muulize mwenye ubao."

"Nimemuuliza, kasema jua."

"Basi ni jua, mwanangu."

Akapuliza makapi kwenye ungo bila kunitazama. Lakini macho yake yalikuwa yamelowa, na mchele si kitunguu. Hapo hofu yangu ikabadilika, ingawa sikujua imegeuka kuwa nini. Nilirudi kazini nikaharibu bango la muuza magodoro, ikabidi nianze upya.

Kesho yake nikavuka barabara.

"Umenunua?" nikamuuliza Bwana Mashine hata kabla ya salamu.

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Umepima ukuta, umeleta machungwa. Umenunua?"

Akazima mashine. Jasho lilikuwa linamtoka. "Dada, mimi niliapa."

"Ulimwapia nani?"

"Mzee. Alikuja hapa mwenyewe. Akasimama pale mlangoni mpaka nikadhani leo napigwa. Akaniuliza kama mashine yangu inaweza kuchora mkono wa mtu. Nikamwambia alete picha. Akaleta, lakini picha yenyewe imecheza, hata vidole havionekani. Nikamwambia, Mzee, mashine haichapi kisichoonekana."

"Mkono wa nini?"

"Muulize yeye, Dada yangu. Mimi nina kazi ya watu." Akaiwasha mashine ikapiga kelele, mazungumzo yakaishia hapo.

Unajua nilichofikiri? Alama za vidole. Nilifikiri mnataka kunitia sahihi kwenye hati bila mimi kujua, wewe, Baba na yule wa machungwa. Usiniambie ni wazimu. Mtu akikaa gizani, kila kamba ni nyoka.

Siku hiyo, saa ambayo Baba hujilaza baada ya kula, nilipita nyuma nikaona mlango wa stoo haukufungwa vizuri. Sikubisha hodi.

Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa juu ya kopo lililogeuzwa, na ubao ameuegemeza kwenye rafu mbele yake, upande wenye maandishi ukinielekea. Mkono wa Baba haukuwepo. Alikuwa ameukwangua kwa msasa mpaka mbao ikaonekana. Mkono wako ulikuwepo vilevile, mdogo, bluu, vidole vimetanuka. Na nafasi yote iliyobaki ilikuwa ukungu wa chaki, mikono juu ya mikono iliyofutwa, mmoja una vidole vinene kama ndizi, mwingine umekonda kama uma, na mistari yote inayumba. Nikamtazama Baba. Chaki ilikuwa inachezacheza kwenye vidole vyake. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto ili utulie, na ule wa kushoto nao ukacheza.

Si macho yaliyomfanya aweke brashi chini. Hayakuwahi kuwa macho.

"Toka," akasema.

"Huo mkono wa nani?"

"Toka, nitakuita."

"Baba, huo mkono wa nani?"

"Wako! Ni wa nani tena kama si wako? Ila hautokei."

Nikageuza kopo jingine nikakaa. Akaanza kunieleza, akiitazama chaki na si mimi. Alisema alitaka siku moja nije kazini niukute mkono wangu juu ya mlango, umepakwa rangi, umekwisha, bila mimi kuombwa wala kuulizwa. Wake ameutoa kwa sababu fundi asiyechora hana haki ya kukaa ubaoni. Alijaribu kuuchora wangu kwa kukumbuka, ukamkataa. Akavuka barabara kwenda kwa mtu asiyemsalimu, kisha akajaribu kwa glavu, kwa picha, hata kwa zile brashi mbili nyembamba. Yule jirani ndiye aliyempimia ukuta, kuona kama ubao mpana zaidi ungetosha, kwa sababu futi kamba nayo haitulii mikononi mwake.

"Si ungeniita tu nije niuweke?" nikasema. "Ningekuja mbio."

"Ungekuja. Na ungeuona wangu." Akaubana ule mkono kwapani. "Ukishauona, kila kitu utaniambia 'ndiyo, Baba.' Nikisema S imelewa, 'ndiyo, Baba.' Nani atabaki wa kubishana nami?"

Kaka, pale kwenye vumbi nilimpenda mzee yule mpaka nikaumwa kifua, na papo hapo nilitaka kumfinya kama mtoto mtundu. Nikamwambia S yangu haijawahi kulewa hata siku moja, yeye ndiye aliyezoea S zilizosimama kama askari. Akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu ubao uliposhuka.

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Mama anajua. Shangazi anajua. Daktari anajua. Na wewe unajua, ulijua kabla ya wote, ndizo zilikuwa simu zenu za Jumapili. Kumbe shaka yangu haikukosea mtu, ilikosea kosa tu. Mliniona nahangaika, nikamtuhumu jirani, nikamtuhumu mume wangu, nikaenda kulia nyuma ya makopo, na wewe ukaniandikia nivumilie. Mimi ndiye ninayekaa naye kutwa nzima, Kaka. Mimi ndiye nilipaswa kujua. Nina hasira nawe, na nakuomba usiifute kwa kicheko. Iache ikae ipoe yenyewe.

Nikatanua mkono wangu juu ya ubao. "Chora," nikamwambia.

"Itatoka mbaya."

"Chora, Baba."

Akachora. Ilichukua muda. Chaki iliruka ikanipanda kwenye vifundo, ikanichora kucha, ikarudi njiani. Alipumua kama anayebeba gunia. Nilipouondoa mkono, mstari uliobaki ulikuwa kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta, lakini ni mkono, na ni wangu, hata kidole changu kidogo kilichopinda kimo. Akanyoosha mkono kutafuta kitambaa kibichi. Nilikuwa nimekikalia.

"Haufutwi huu," nikasema. "Na wako unarudi."

"Wangu umekwisha kazi."

"Nani kakwambia? Si wewe unayesema mtu aliye hai ni chaki? Au hiyo ilikuwa ya kinyozi peke yake?"

Nikauchukua mkono wake, nikaukandamiza kwenye ubao kwa wangu wa kushoto, na kwa wa kulia nikauzungushia. Ulikuwa unatetemeka chini ya kiganja changu muda wote. Nilijua nikinyamaza nitalia, kwa hiyo nikamsimulia habari za muuza magodoro.

Ukabaki wako. Baba akautazama, akanyanyuka, akajipangusa suruali. "Ubao ni wako sasa," akasema. "Huo amua wewe." Akatoka kwenda kunywa chai, akaniacha stoo na msasa.

Sasa nisikilize. Mkono ule nimeuonea wivu tangu nilipojua kusoma. Mara nyingi nimepanda ngazi kuufuta vumbi, na mara nyingi nimefikiri kuteleza na brashi kwa bahati mbaya. Nikaweka kiganja changu juu yake. Ulipotea wote chini yangu, vidole vyake havikufika hata kwenye kiungo cha kati cha vidole vyangu. Nikaelewa kitu ambacho miaka yote sikukiona, kwamba mtoto yule hayupo. Hayupo huku wala hayupo huko kwako. Baba alimtundika mlangoni, mimi nikamlindia nafasi na kumchukia, na wewe ukawa unatuambia utarudi mwakani, mwakani. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema, lakini hapa kwetu tuliliweka juu ya mlango na kulipaka rangi mara ya pili.

Nimeufuta. Nimeufuta kwa mkono wangu, kidole kimoja baada ya kingine, na nimelia nilipofika kwenye kidole gumba. Nimetaka ulisikie kwangu kabla Shangazi hajalifikisha kwa njia zake.

Ubao umesharudi juu ya mlango, kwa chaki. Bwana Mashine alitushikia ngazi, na Baba alimsalimia kwa jina la kazi, "Fundi," mpaka yule mtu akasahau kushika ngazi. Bado sijui machungwa yale yalikuwa ya nini hasa, nachunguza. Wapita njia wanauliza kwa nini duka la mabango lina mistari iliyopinda. Nawaambia wakapime ya kwao.

Nikimaliza barua hii nachukua rangi. Nitaifuata mistari ilivyo, ya Baba na yangu, sitanyoosha hata mmoja. Upande wako nimeacha mbao tupu, upana wa mkono wa mtu mzima. Usinitumie picha, wala usichore kwenye karatasi ukaitia kwenye bahasha; nakujua, utaazima mkono wa jirani mwenye vidole vizuri. Uje uuweke mwenyewe, na Baba ndiye auzungushie, angali anaweza kuishika chaki. Nilimuuliza daktari ni mpaka lini, akaanza kupanga karatasi zake mezani. Usipokuja sitakulaumu kwa yeyote. Wapita njia wataona mikono miwili na mbao kidogo iliyobaki, watadhani tulikosea vipimo. Baba peke yake ndiye atakayekuwa anaitazama kila asubuhi akifungua mlango.

Msalimie Wifi kwa mikono miwili. Wabusu watoto, na yule mkubwa mwambie shangazi yake anataka kujua kwa nini barua yake ya mwisho ilikuwa na mwandiko wako. Mama anakusalimu na anakuombea njia nyeupe. Shangazi anakusalimu bila kusema neno. Shemeji yako anakusalimu tena. Baba hajui nimekuandikia, au anajua na amekaa hapo kitini akijifanya anasoma gazeti. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akuponye hicho kifua, na akufungulie safari.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokushuku,
Dada yako.